Jina la Kwenye Kitabu

Barua haikuletwa kwa Sikitu, ambaye ndiye aliyeshtakiwa. Ililetwa kwa baba yake. Mzee Theodori aliipokea saa nne asubuhi ya Jumatatu kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli pale Kibaoni, mikono imejaa grisi, na kwa kuwa hakutaka kuichafua alimwomba mteja wake amsomee. Mteja akasoma kwa sauti, na sauti anayo. Kabla ya saa sita nusu ya Ifakara ilikuwa inajua kwamba kamati ya Kombe la Mavuno inamtaka golikipa wa Kibaoni Sisters afike mbele yake kesho saa tisa alasiri, akiwa na cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, ili ithibitike kama ni mwanamke kweli, na kwamba ikibidi atakaguliwa na mtu mwenye utaalamu.

Sikitu alizikuta habari hizo bombani. Alikuwa ametoka mazoezini, jezi imemganda mwilini kwa jasho, ndoo mkononi. Wanawake wa mtaa wa Viwanja Sitini waliokuwa kwenye foleni wakatazamana. Mmoja wao, ambaye wiki mbili tu zilizopita alikuwa amemwomba amkamatie kuku aliyemtoroka, akasema kwa upole wa uongo, "Jamani, mpisheni kaka achote maji."

Wakacheka. Sikitu hakuelewa, akacheka nao, mpaka mmoja alipomweleza habari ya barua. Baadaye hicho ndicho kilichomuuma kuliko yote ya siku ile, kwamba alicheka nao, tena kwa moyo mweupe, meno yote nje.

Na kosa lake lilikuwa nini? Jumamosi iliyopita, kwenye nusu fainali, alidaka penalti tatu za timu ya Mchombe, nao Mchombe wakapeleka malalamiko. Hakubahatisha. Tangu utoto wake, kila mpunga ulipochanua, alikuwa akihamia shambani kuwinga ndege wa kwelea wasiule, na anayewinga kwelea hujifunza kulitazama kundi na kujua litageukia wapi kabla halijageuka. Penalti nayo ndiyo hiyo hiyo. Huutazami mpira wala macho ya mpigaji, maana macho hudanganya. Unatazama mguu anaousimamia. Angekuwa mwanamume, wangembeba mabegani kutoka uwanjani mpaka sokoni. Kwa kuwa ni mwanamke, watu wazima wenye wake na watoto walikaa kitako kujadili ana nini ndani ya bukta.

Alipofika nyumbani na ndoo yake tupu, mama yake alikuwa uani anapepeta mchele. Konsolata hakuinua macho. Aliendelea kurusha ungo, lakini pumba na mchele vilikuwa vinaanguka pamoja.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia. Ni kweli, mama?"

"Baba yako yuko ndani na barua. Nenda kamsalimie kwanza, halafu ndipo ukasirike."

Mzee Theodori alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, amevaa shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumatatu. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya mwaka wa sita sasa, na kila jambo zito lilipoingia nyumbani alilivalia shati hilo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeona ulichotuletea?"

"Nimeleta nini mimi, baba? Nimedaka mpira."

"Ungedaka mmoja! Tatu za nini?" alisema mzee, na hata yeye mwenyewe akasikia lilivyokuwa neno la kipuuzi. Akakohoa. "Wanataka cheti."

Hakuna mtu katika nyumba ile asiyejua kilichoandikwa kwenye cheti cha ubatizo. Kilikuwa kimelala chini ya sanduku la bati kwa miaka ishirini na miwili, na kwa muda wote huo kilikuwa ni kichekesho cha nyumbani, kitu cha kutolewa Krismasi ili wageni wacheke. Kiliandikwa: Viktor, mtoto wa Theodori na Konsolata. Jinsia: mume.

Aliyembatiza alikuwa bibi yake, Balbina, mama yake Theodori. Bibi aliitwa kutoka jikoni, akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akakaa mkekani.

"Mnanitazama nini? Mnajua ilivyokuwa," alisema. "Masika yale maji yalituzingira shambani. Mama yako akashikwa na uchungu kibandani, mimi na yeye peke yetu. Mtoto katoka wa bluu, halii, hapumui. Padri nitampata wapi? Nikachota maji kwenye kata, nikambatiza upesi asife mpagani. Theodori miezi tisa yote alikuwa anasema Viktor, Viktor, jina la marehemu mume wangu, akija mtoto ni Viktor. Nikasema Viktor."

"Hukutazama, bibi?" Sikitu aliuliza, kama alivyouliza kila Krismasi, ila leo hakuwa anacheka.

"Nilikuwa natazama pua, mjukuu wangu. Kama inapumua. Kwingine nitazame kuna nini cha haraka?"

"Bibi hana kosa," alisema Konsolata kutoka mlangoni. Ungo alikuwa ameuacha uani. "Bibi alikuwa anaokoa roho. Maji yalipopungua, nani alikwenda parokiani kuandikisha?"

Mzee Theodori alitazama viatu vyake.

"Nani, Theodori? Alikwenda peke yake, mimi bado nauguza mgongo. Karani akauliza jina, akamwambia Viktor. Karani akaandika 'mume' bila kuuliza, na yeye akaona, akanyamaza, akatia saini. Alirudi anatabasamu. Nikamwambia karekebishe, huyu ni msichana, mimi namwita Sikitu, jina la mama yangu. Akasema nitakwenda. Mtoto akapata komunyo, mwalimu akamwambia mzee, kitabu kile kina kosa. Akasema nitakwenda. Kipaimara, nitakwenda. Miaka ishirini na miwili mtu anakwenda tu, na parokia iko hapo, unasikia kengele yake ukiwa kitandani!"

"Nilitaka jina la baba yangu likae kwenye kitabu," Mzee Theodori alisema polepole. "Hilo nalo ni dhambi?"

Konsolata akarudi uani kwenye ungo wake.

Kwa Sikitu hasira ilikuwa bado haijapata mahali pa kukaa, ilizunguka tu. Maana si fainali peke yake iliyokuwa hatarini. Siku ya nusu fainali alikuwepo uwanjani mtu mmoja kutoka Dar es Salaam, Fidel, meneja wa timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo. Baada ya mchezo alimfuata Sikitu akamshika mkono, akautazama ule mkono wenye kidole cha mwisho kilichopinda, akamwambia, "Hivi hapa unadaka bure?" Alimpa ahadi ambayo bonde zima la Kilombero halikuwa limewahi kumpa msichana: kuajiriwa. Mshahara kila mwisho wa mwezi, kitanda kwenye bweni la kiwanda, na kazi yake iwe kudaka mpira. Mwaka ule wa tisini na sita wanawake waliokuwa wanakula kwa mpira nchini ungeweza kuwataja wote bila kuvuta pumzi. Fidel angebaki Ifakara mpaka Jumapili, aione fainali, aondoke naye. Alichohitaji ni cheti.

Kamati ilikutana kwenye ofisi ya mashine ya kukoboa mpunga ya Bwana Edward, mwenyekiti wake. Kombe lilikuwa lake, soda zilikuwa zake, na mashine ilizimwa kwa heshima ya kikao, hivyo kila neno lilisikika mpaka nje, ambako watu walikuwa wamejaa tayari. Njiani watoto walikuwa wamemfuata Sikitu wakiimba, "Shikamoo kaka!" Bibi Balbina aliokota fito akawafukuza, wakarudi.

Wanaume wanne walikaa mezani. Fidel alikaa pembeni, amejikunyata kama mgeni aliyekuta watu wanagombana nyumbani kwao. Kwenye kiti karibu na dirisha alikaa Sista Teddy, muuguzi mstaafu. Huyo ndiye aliyekuwa ule utaalamu. Mzee Theodori alipewa kiti. Wanawake watatu wa nyumba yake walionyeshwa benchi.

Bwana Edward alisoma cheti mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Nje wakaguna. Akavua miwani.

"Mzee Theodori, wewe ni mtu wa kanisa, neno lako tunaliheshimu. Useme neno moja tu tumalize. Huyu ni mwanao wa kike au wa kiume?"

Neno moja. Sikitu aligeuka kumtazama baba yake. Hakuwa na wasiwasi wowote. Hakuna mtoto anayekuwa na wasiwasi na swali kama hilo.

"Mwenyekiti," alianza Mzee Theodori, "nyumbani sisi tunaishi naye kama binti."

"Hatukuuliza mnaishi naye vipi."

"Ni binti. Lakini kitabu ndicho hicho kinavyosema."

"Na saini hii ya mzazi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Sasa ulidanganya kanisa siku ile, au unaidanganya kamati leo?"

Mzee aligeuka. Mlangoni walikuwa wamesimama wawili wa jumuiya yake, aliwaona. "Mwenyekiti, mambo ya kitabu ni ya Padri. Mimi siwezi kukisemea kitabu."

"Niulizeni mimi!" Konsolata alisimama. "Mimi ndiye niliyemzaa. Mimi ndiye niliyemwosha."

"Mama, kaa. Utapewa nafasi."

Hakupewa. Bibi Balbina naye alinyoosha mkono, na Bwana Edward akamwambia kwa tabasamu kwamba wanamheshimu sana bibi, ila yeye ndiye aliyekosea kutazama mara ya kwanza. Watu wakacheka hadi nje. Kisha mwenyekiti akaonyesha mlango wa stoo. "Sista, tusaidie. Dakika mbili tu."

Sikitu alisimama. Angeweza kukataa. Alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha, na kila njia aliyoifikiria ilimfikisha pale pale: akikataa, wataandika kwamba amekataa kwa sababu anajijua. Alikuwa na ndoto moja tu, na mlango wa ndoto hiyo walikuwa wameuweka ndani ya stoo ya pumba. Akaingia.

Mlango haukuwa na kitasa. Konsolata aliwafuata bila kuomba ruhusa, akavua kanga yake ya juu, akaitandaza kwa mikono miwili kwenye upenyo, mgongo wake ukiwaelekea wanaume, akasimama hivyo.

"Nisamehe mwanangu," Sista Teddy alinong'ona. "Nimetumwa."

"Umetumwa, umekuja," alisema Sikitu.

Akavua jezi. Akavua bukta. Akavua na kilichobaki, kati ya magunia ya pumba, mchana kweupe, akisikia mtu mezani anafungua soda. Alikaza macho kwenye mshono wa gunia moja. Vumbi la pumba lilimshika kwenye jasho la miguu na tumbo. Ilichukua zaidi ya dakika mbili, kwa sababu Sista Teddy alikuwa mtu wa kazi yake.

Walipotoka, Sista Teddy alisema bila kumtazama mtu, "Ni mwanamke. Hakuna cha kuuliza."

Wakapiga makofi. Wanaume wanne wa kamati, waliokuwa na sura za mahakama, walimpigia Sikitu makofi kwa kuwa mwanamke, na huko nje wengine wakayaitikia. Sikitu alikuwa amesikia makofi mengi langoni. Haya alitamani angeyadaka moja moja na kuwarudishia usoni.

"Tumeridhika," alisema Bwana Edward, mwenye furaha ya mtu aliyemaliza kazi nzuri. "Imebaki karatasi. Fidel, sema."

Fidel alisogeza kiti. Alionekana ana aibu, na alistahili kuwa nayo. "Dada Sikitu, kiwanda hakina neno. Ila kadi ya mchezaji huandikwa jina la kwenye cheti. Ukitaka kucheza kwa jina lako, Sikitu, mzazi aliyetia saini aandike hapa kwamba alitoa taarifa zisizo sahihi. Mistari miwili. Tutaiambatanisha."

"Na sisi tutaipokea," alisema Bwana Edward. "Bila hiyo, kwetu Sikitu hayumo kwenye karatasi yoyote. Fainali hatacheza."

Karatasi ikasogezwa mbele ya Mzee Theodori, na kalamu juu yake. Mzee aliishika kalamu. Watu wote waliona aliishika. Aliisoma ile mistari miwili, midomo ikicheza, kisha akatazama tena mlangoni, kwa wale wawili wa jumuiya.

"Ningeomba kwanza nimwone Padri," alisema.

"Padri yuko Mahenge mpaka wiki ijayo," alisema Konsolata. Sauti yake ilikuwa chini, na waliomjua walijua ni afadhali angepiga kelele. "Theodori. Tia saini."

"Mama Sikitu, si jambo la kukurupuka. Hili ni kusema nilikidanganya kitabu cha Mungu. Kesho nitasimamaje mbele ya jumuiya niwaambie wasome neno? Mwanangu, wewe ni kijana, hujui ilivyo mtu mzima kuaibika mbele za watu."

Sikitu alikuwa bado amesimama, hakuwa amerudi benchini. Pumba ilikuwa imemganda shingoni.

"Sijui, baba?"

Akajifuta shingo, akaitazama pumba kiganjani.

"Mimi nimetoka mle ndani sasa hivi. Nimevua zote, baba. Wewe unaombwa saini."

Mzee Theodori aliinua tena kalamu. Mkono wake ulisogea juu ya karatasi, ukafika mahali pa saini. Kisha ukarudi. Aliiweka kalamu mezani taratibu, sambamba na karatasi, kama mtu anayepanga meza ya wageni. "Akirudi Padri," alisema.

Hapo ndipo hasira ya Sikitu ilipopata mahali pa kukaa. Alikuwa amedhani ni ya Bwana Edward, au ya wale wa Mchombe, au ya wanawake wa bombani. Wote hao walikuwa watu wa nje. Alisogea mezani, akaichukua kalamu ile ile, ikiwa bado na joto la mkono wa baba yake.

"Kaka Fidel, nipe fomu ya kiwanda."

"Dada, bila maelezo ya mzazi..."

"Umesema kadi huandikwa jina la kwenye cheti. Cheti hicho hapo. Kama ni jinsia, Sista ataandika, si ameona? Nipe."

Fidel akaufungua mkoba. Sikitu aliinama, akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka: Viktor Theodori. Akatia saini. Konsolata aliona jina la mama yake linaachwa pale mezani, akafunika mdomo kwa kanga, lakini hakumzuia.

"Mwanangu," alisema Mzee Theodori, na kwa muda mfupi kulikuwa na kitu karibu na furaha katika sauti yake, hakuweza kukificha. "Jina la babu yako."

"Ulilitaka," alisema Sikitu. "Fainali yenu, Bwana Edward, chezeni wenyewe."

Kibaoni Sisters walifungwa manne Jumamosi ile, Jane wa akiba akilia langoni kuanzia bao la pili. Jumapili Sikitu alipanda treni kwenda Dar es Salaam. Mama yake na bibi walimsindikiza stesheni na mchele, na karanga za njiani, na maneno machache. Baba yake alikuwa na kikao cha jumuiya.

Miezi saba baadaye redio ilitangaza matokeo, na humo likatajwa jina la golikipa wa timu ya kiwanda, Viktor Theodori, aliyecheza michezo mitano bila kufungwa. Mtangazaji alilirudia jina mara mbili, akadhani amekosea, akacheka kidogo. Pale Kibaoni watu walikuja kumpa Mzee Theodori mkono. Hata Padri alimpongeza, na mzee akasema ni neema ya Mungu. Aliendelea kuwa mwenyekiti. Kitabu hakikuguswa.

Barua kutoka Dar zilikuja, zote kwa jina la Konsolata. Ndani yake kulikuwa na salamu kwa mama na kwa bibi, habari za bweni, habari za kidole kingine kilichovunjika. Mzee alisubiri zamu yake kwenye kila barua mpaka mstari wa mwisho, na haikufika. Pasaka ilipokaribia alivaa shati lake la kanisani, akakaa mezani, akaandika kurasa mbili. Alianza na *Mpendwa mwanangu Sikitu*. Mule ndani aliandika mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, likiwemo lile la mkono wake uliofika kwenye karatasi ukarudi. Juu ya bahasha akaandika jina hilo hilo, Sikitu Theodori, na anwani ya kiwanda, akaipeleka posta mwenyewe.

Ilirudi baada ya wiki tano, haijafunguliwa. Juu ya bahasha kulikuwa na mstari mmoja wa wino wa bluu: *Hapa hayupo mtu wa jina hilo.*

"Watu wa posta siku hizi hovyo kabisa," Mzee Theodori alisema, akiigeuza geuza bahasha. "Au karani wa kiwanda hawajui watu wake."

Konsolata aliichukua mkononi mwake, akautazama ule mstari, akamrudishia.

"Si karani," alisema. "Huo ni mwandiko wake."